Nimemaliza chuo nimehamia Kigoma simjui mtu, mnapataje marafiki huku?

Kroshia24 – 6 Agosti 2024, saa 3:14 usiku

Habari za jioni wakuu, naomba msinicheke, najua swali lenyewe la kitoto ila nimekaa nalo wiki tatu sasa limenishinda.

Mimi ni binti wa miaka 23, nimemaliza chuo Dodoma mwezi wa saba, uhasibu, mahafali tunasubiri mwisho wa mwaka. Mama yangu ni nesi, tulikuwa tunaishi Morogoro, akapata uhamisho kuja Kigoma nikiwa mwaka wa pili. Likizo moja nilikuwa fildi, nyingine nilikaa kwa shangazi Moro, kwa hiyo watu wakiniuliza nasema "nimerudi nyumbani" wakati nyumbani penyewe nimepaona mara ya kwanza tarehe 16 mwezi wa saba, nashuka kwenye treni nina ndoo mkono huu na begi mkono huu, namtafuta mama kwa macho kama mgeni.

Kuhama kwenyewe ilikuwa vituko. Wiki ya mwisho chuo kila mtu anauza godoro, kila mtu anauza ndoo na pasi, na wa kununua hakuna maana mwaka wa kwanza wapya wanakuja miezi mingi mbele. Godoro langu la nne kwa sita nililinunua elfu 90, nikamuachia mama lishe wa pale getini kwa elfu 15 na sahani ya wali maharage, na bado akaona kanisaidia. Vilivyobaki nikabana kwenye viroba viwili nikapanda treni ya kawaida, ile ikifika Tabora mabehewa yanagawanywa, ya Mwanza huko sisi huku, hapo ndo tukakaa hadi nikajua majina ya watoto wote wa behewani. Urambo nikanunua asali, nimefika nayo nusu, nyingine imenywewa na kiroba cha nguo.

Sasa shida yangu. Chuo tulikuwa wanne chumba kimoja miaka mitatu, kula pamoja kulala pamoja hadi madeni pamoja. Mmoja sasa yuko Dar anajitolea ofisi fulani, mmoja Mbeya kwenye duka la baba yake, mmoja kabaki Dodoma anauza vitenge. Grupu letu la WhatsApp zamani ukiamka unakuta meseji mia mbili, juzi mtu katuma picha ya maua imeandikwa Jumatatu njema. Tumefikia huko wakuu, kwenye maua.

Vitu ninavyopenda ni netiboli (nilikuwa mfungaji timu ya kitivo), kufuma kwa kroshia, na series za Kikorea zilizotafsiriwa, ila hizo zinanimalizia bando na mama ameshaanza kuuliza "hivi hao Wakorea wanakulipa?" Mama akienda zamu nabaki na kuku. Majirani asubuhi wananisalimia kwa Kiha, mwakeye, naitikia "ndiyo", wanacheka wanapita.

Naomba mnisaidie, mtu mzima anapataje marafiki mji ambao hajasoma wala hajazaliwa? Na yule wa Dar ananiambia njoo tubanane chumba kimoja huku ndo kuna maisha. Niende?

---

MwanaKibirizi – 6 Agosti, saa 3:40 usiku

Karibu mwisho wa reli dada. Hiyo ya kuitikia "ndiyo" nimecheka peke yangu hapa kijiweni wenzangu wananiangalia.

Aisee umekuja wakati mbaya tu, si kwamba mji ni mbaya. Ziwa Tanganyika limefungwa kuvua tangu tarehe 15 mwezi wa tano hadi 15 mwezi huu, yale makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa kwamba samaki wapumzike wazaliane. Kigoma bila ziwa ni kama harusi bila ngoma, watu wapo ila hawajui mikono waiweke wapi. Hao vijana unaowaona wanacheza draft kwa visoda kuanzia asubuhi si wavivu, ni mabaharia hao, wamekalishwa. Wewe umekuja ukakuta mji mzima uko likizo kama wewe halafu unadhani ndivyo tulivyo.

Subiri 15 ifike uje Kibirizi asubuhi uone kama utakosa wa kuongea naye, utaomba hata wanyamaze.

---

JabaliLaMjini – 6 Agosti, saa 4:02 usiku

Mi nitasema ukweli hata kama watu watanuna. Nenda Dar. Una 23 na uhasibu wako, unakaa na kuku unasubiri nini? Kazi hazitangazwi zote, nyingine mtu anamwambia mtu wakati wanasubiri chai. Mwenzako anajitolea ndiyo, halipwi ndiyo, ila siku nafasi ikitokea yeye yupo kwenye kiti na wewe uko kilomita elfu moja na zaidi unafuma vitambaa. Kigoma utaikuta, ziwa halihami.

---

Ticha_Mlole – 6 Agosti, saa 4:31 usiku

Jabali na wewe kila uzi jibu lako ni Dar, hata mtu akiuliza dawa ya mafua. Huyo rafiki anayejitolea anakula nini na nauli anatoa wapi? Anatumiwa na wazazi. Sasa wawili kwenye chumba kimoja wote wanatumiwa na wazazi, mama mtu nesi mmoja alishe nyumba mbili?

Mdogo wangu Kroshia, mimi nilikuja huku 2019 kufundisha, natokea Moshi, sijawahi kuona mawese maisha yangu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikitoka kazini nafunga mlango nalia, halafu napika ndizi za Kichaga huku nalia. Nakwambia kilichonitoa. Sikuwa na kinu. Nilinunua majani ya muhogo nipike sombe kama nilivyoonja kwa watu, nikajaribu kuyakatakata kwa kisu, jirani akapita akaniona nimekaa na kisu na lile rundo akasimama akashika kiuno. Hakuniambia kitu, kaenda kwake kaja na kinu, mchi, na mabinti wawili, tukatwanga pale nje, akarudi tena na mawese kwenye chupa maana yangu aliyaonja akasema nimepigwa. Kuanzia siku hiyo nikawa na pa kwenda jioni. Hadi leo kinu sijanunua, na sinunui.

Sasa wewe usitafute rafiki, tafuta kitu ambacho huna uende ukaazime. Anza na hao wa mwakeye, mwambie jirani "nifundishe kuitikia", atakufundisha na ya mchana humo humo na atakucheka wiki nzima, na akishakucheka ameshakuzoea.

Na netiboli ipo. Wanawake wa mtaani kwetu na walimu tunacheza jioni uwanja wa shule ya msingi, wengine wana watoto mgongoni, mtoto anapokezwa anayekaa nje. Nitumie ujumbe pembeni.

---

MzeeWaBehewa – 7 Agosti, saa 12:20 asubuhi

Binti hujambo. Mimi ni mstaafu wa reli, nimetoka Tabora nikaletwa hapa 1983 nikiambiwa ni kwa miezi sita. Bado nasubiri hiyo miezi iishe.

Ushauri wangu ni miguu. Mji huu ukiuzunguka kwa bajaji hutaujua. Toka pale stesheni, lile jengo la Wajerumani uliloshukia, reli yao ilifika ziwani hapa 1914 na vita ikaanza mwaka huo huo, panda taratibu hadi Mwanga, pumzika kwenye kivuli, kisha teremka hadi Ujiji. Ni kama kilomita nane hivi, toka mapema kabla ya jua. Ujiji usiishie pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone alipokutwa na Stanley 1871 maana hapo kila mgeni anafika, anapiga picha anaondoka. Ingia mitaa ya ndani kwenye nyumba za zamani, wazee wa pale wanakaa barazani na salamu yao haiishi upesi, ukisalimia vizuri unaletewa kigoda.

Ukirudi pita bandarini uitazame Liemba. Nayo imehamahama kuliko wewe. Imeundwa Ujerumani 1913 ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa reli hadi hapa ikaunganishwa tena. 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiwaachie adui, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mafundi wa mwanzo waliipaka grisi kwenye injini kabla ya kuizamisha, ndiyo maana ilipoibuliwa iliweza kufanya kazi. Mwaka huu wa 2024 imesimama kwa ajili ya matengenezo, naipitia kila wiki kama mgonjwa.

---

Kroshia24 – 7 Agosti, saa 2:05 asubuhi

Shikamoo mzee, hiyo ya miezi sita imeniogopesha kidogo ila asante. Jumamosi naanza kutembea.

Dada Ticha nimekutumia ujumbe. Kaka Jabali sijakasirika, maombi ya kazi natuma kwa simu, nikiitwa naenda hata kesho, ila kwenda kukaa tu sina hakika. Mama pia kakaa hapa peke yake karibu miaka miwili, sijawahi kumuuliza alikuwa anafanya nini jioni.

Halafu swali lingine, kuogelea. Sijui kuogelea kabisa na ziwa liko pale linanitazama. Msichana peke yake anaweza kwenda ufukweni?

---

MwanaKibirizi – 7 Agosti, saa 2:30 asubuhi

Peke yako usiende, si kwa sababu ya watu, kwa sababu hujui maji. Hilo ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, duniani linazidiwa na moja tu, na sehemu nyingine hatua tatu unagusa chini ya nne hugusi. Kiangazi hiki pia kuna upepo wa kusini, asubuhi maji kama kioo, saa sita mawimbi yanapiga hadi unadhani ni bahari. Na sehemu nyingine mamba wapo, uliza wenyeji wa hapo hapo, siyo wa mtaa wa pili.

---

MamaDawa – 7 Agosti, saa 4:10 asubuhi

Niongezee hapo kwa MwanaKibirizi, nimefanya kazi zahanati miaka mingi. Tatizo kubwa kuliko mamba ni kichocho. Wale wadudu wanatoka kwenye konokono wadogo, wanapenda maji yaliyotulia yenye majani karibu na makazi ya watu, wanapenya ngozi wala hausikii maumivu, labda muwasho kidogo. Kwa hiyo kwenye matete na pale watu wanapofulia usiingie hata kama watoto wamejaa humo. Ukianza kuona tumbo linauma uma na damu kwenye choo nenda upime, dawa ipo na inatibu. Mama yako nesi atakuambia zaidi, muulize, naona mna mengi ya kuongea nyie wawili.

---

Kroshia24 – 11 Agosti, saa 1:48 usiku

Wakuu nimerudi na ripoti, itakuwa ndefu mnisamehe.

Jumamosi nilitaka kwenda Ujiji kama mzee alivyosema ila jirani (yule wa mwakeye, sasa najua kuitikia, ameninyanyasa siku tatu hadi nikapatia) alikuwa anaenda Katonga kwa dada yake akasema twende, basi nikaenda, Ujiji itasubiri.

Katonga pako kimya. Mitumbwi na vipe (boti za wavuvi) vimepandishwa juu vimelala ubavu, vichanja vya kuanikia dagaa vitupu, kuku wanatembea juu yake. Jirani akaingia ndani kwa dada yake wakaanza stori za Kiha, mimi nikabaki nje nimeshika mkoba wangu wenye uzi na kroshia maana sitembei bila hiyo.

Chini ya mwembe kulikuwa na mzee anashona nyavu. Nikasimama mbali kidogo kuangalia, nikasogea, nikasogea tena, mwisho nikakaa. Alikuwa ananyoosha nyavu kwa kidole gumba cha mguu, mkono wa kulia ana sindano ya plastiki imezungushiwa uzi, mkono wa kushoto ana kipande alichokata kwenye kandambili, hicho ndo kipimo chake cha jicho la nyavu, kila fundo anazungusha uzi pale kwenye kandambili anakaza anahama. Nyavu ilikuwa na tundu la kupita kichwa. Sasa cha ajabu kabla hajaanza kuziba alichukua wembe akaanza kulikata lile tundu liwe kubwa zaidi! Mimi huyo nikaropoka "mzee unaharibu!" hata salamu sijatoa. Akacheka akaniambia kingo zilizochanika ovyo hazina pa kuanzia, lazima uzikate hadi upate macho mazima ndo uunge hapo.

Nikamwonyesha kitambaa changu. Akakigeuza mbele nyuma, akavuta uzi kidogo akaona kinaanza kufumuka chote, akasema "hii yako haina fundo." Kweli kroshia ni vitanzi tu, ukivuta mwisho mmoja umerudi mwanzo. Akanipa sindano nijaribu, jicho langu la kwanza likateleza, la pili likateleza, la tatu likashika ila lilikuwa kubwa akasema migebuka (samaki wa huku) wote watanishukuru. Nimekaa pale hadi saa tisa nimeziba macho 11, nimehesabu, na vidole vinauma hadi sasa hivi naandika.

Ana mjukuu, tuko rika moja, yeye na mama yake ndo wanaanika dagaa, sasa ziwa limefungwa yupo yupo tu. Alikuja na uji, akaona kroshia, akasema alishawahi kuanza kitambaa cha kochi shuleni hakumaliza. Nimemuachia kroshia yangu namba 3 na uzi wa bluu. Kurudi nyumbani nimefika sina cha kufuma, ikabidi nikae na mama jikoni.

Na nilimuuliza. Alikuwa anafanya nini jioni hiyo miaka miwili. Akasema alikuwa ananipigia simu.

---

Ticha_Mlole – 11 Agosti, saa 2:15 usiku

Haya sasa umeniliza na daftari 60 za kusahihisha ziko mbele yangu.

---

JabaliLaMjini – 11 Agosti, saa 2:40 usiku

Sawa nimesoma. Ila CV bado utume.

---

MzeeWaBehewa – 12 Agosti, saa 12:05 asubuhi

Kuacha kroshia yako kule umefanya jambo la maana, sasa ni lazima urudi kuichukua. Mimi hapa niliacha koti kwa fundi mmoja wa Ujiji mwaka 1984, tumekuja kuoana na dada yake.

---

MwanaKibirizi – 16 Agosti, saa 3:00 asubuhi

Ziwa limefunguliwa jana wakuuuu. Kroshia24 uko wapi?

---

Kroshia24 – 20 Agosti, saa 2:22 usiku

Nipo, nilikuwa sina bando.

Nilikwenda Katonga tarehe 15 nikidhani nitakuta vurugu, nikakuta watu wamevaa vizuri wanaangalia juu. Mwezi! Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, jana umejaa kabisa, na mimi msomi wa uhasibu nilikuwa sijui kwamba dagaa wanavuliwa gizani, taa ndo inawavuta, mbalamwezi ikiwepo taa yako haina maana wametawanyika huko. Wenye haraka waliingia hivyo hivyo wakarudi na vya kula nyumbani. Yule mzee wa nyavu alikaa tu pale pale chini ya mwembe, akasema serikali imefungua ila mwezi bado.

Mjukuu wake kamaliza kitambaa. Kamaliza! Siku tisa. Tena kaweka fundo za nyavu pembeni kote ili kisifumuke, sijawahi kuona kitu kama hicho. Nikapiga picha nikatuma kwenye lile grupu letu la maua, yule wa Dodoma anayeuza vitenge akapiga simu hapo hapo, anataka sita za kuanzia na anataka nimuulizie bei ya vitenge vya Kongo hapa sokoni maana Dodoma vinamfikia vimeshapanda mara mbili. Tuliongea dakika arobaini. Wa Mbeya akaingia, wa Dar akaingia akiwa kwenye daladala hatusikii kitu, kelele tu na yeye anacheka.

Bei ya vitambaa sijui niweke ngapi. Uzi umekula elfu nne kwa kimoja, siku tisa za mtu tunazihesabuje? Chuo tulifundishwa hii, ilikuwa rahisi zaidi kwenye karatasi.

---

MamaDawa – 20 Agosti, saa 3:01 usiku

Usimuuzie bei ya urafiki huyo wa Dodoma, yeye hatauza bei ya urafiki. Na mjukuu wa mzee mkae muandikiane nani anapata nini kabla hela haijaingia, nimeona madada wameacha kusalimiana kwa sababu ya mashuka.

---

MwanaKibirizi – 20 Agosti, saa 3:20 usiku

Subiri mwanzo wa mwezi wa tisa giza likikaza. Usiku huo usilale mapema.

---

Kroshia24 – 5 Septemba, saa 4:35 usiku

MwanaKibirizi ulisema kweli.

Juzi nililala Katonga kwao, mama aliniruhusu baada ya kuongea na mama mtu kwenye simu nusu saa nzima (sasa wanapigiana wenyewe, mimi sina habari). Jioni jua linazama vipe vikaanza kutoka kimoja kimoja, vijana wanapiga kelele wanatukanana kwa furaha, wale wale wa draft. Tukapanda kilimani kidogo nyuma ya nyumba na mjukuu wa mzee, mwanzo taa tatu, nne, halafu ukigeuka kuongea ukirudi zimekuwa ishirini, mwisho ikawa kama kuna mji mwingine kule majini, una barabara na mitaa, na wenyewe unasogea. Nikauliza Kongo iko wapi, akanyoosha mkono akasema pale, ila kiangazi na moshi huu wa kuchoma mashamba milima haionekani, nisubiri mvua za kwanza zisafishe hewa.

Saa kumi na moja alfajiri akaniamsha kwa kunivuta mguu. Dagaa wanapotoka kwenye mtumbwi wanang'aa hadi unafumba jicho, sikujua, mimi dagaa niliowajua ni wale wa kahawia wa kwenye mfuko. Tukaanika vichanja vinne, unawamwaga unawatandaza kwa kiganja wasipandane maana wakipandana wanaoza katikati, na jua likipanda unawageuza. Mgongo wangu jamani. Nimelipwa kibakuli cha dagaa na mgebuka mmoja, nimeufikisha nyumbani nimeushika kama kombe, mama kaukaanga kwa mawese tukala na ugali wa muhogo.

Mzee kaingia usiku ule na ile nyavu, ya macho yangu 11. Nilimuuliza asubuhi kama yalishika. Akasema tisa.

Kazi bado, natuma maombi. Vitambaa vinne vimeenda Dodoma kwa basi. Ujiji bado sijafika mzee usinikasirikie.

---

MzeeWaBehewa – 5 Septemba, saa 4:50 usiku

Tisa kati ya 11 kwa mwanafunzi ni alama nzuri. Ujiji ipo, ila nenda kabla ya mvua, ukija nitafute barazani, uliza tu mstaafu wa reli mwenye redio.

---

Ticha_Mlole – 5 Septemba, saa 5:02 usiku

Wewe binti umekuja mazoezi mara mbili tu ukapotea kwenye dagaa. Keshokutwa Jumamosi saa kumi jioni tunacheza na wa Gungu na mfungaji wetu kajifungua jana, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Nakutegemea. Uwanja una changarawe usije na ndala, raba unavaa namba ngapi?

---

Kroshia24 – 5 Septemba, saa 5:06 usiku

39. Nakuja na mtu, hajawahi kucheza ila ni mrefu mlango wa kwao anauinamia.

---

Ticha_Mlole – 5 Septemba, saa 5:07 usiku

Wa Katonga? Mlete, mlinzi wa goli hatuna.